Malindi Haihitaji Kaunti Ili Ihesabiwe

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, hapa Pwani hurudi maneno ya kaunti mpya, na tukielekea 2027 yamerudi tena. Ukikaa barazani Shela au ukipita Barani jioni utasikia kwamba Malindi imemezwa na Kilifi na dawa yake ni kujitenga: tuwe na gavana wetu, bajeti yetu, afisi zetu. Wanaosema hivyo wana uchungu wa kweli na sitaki kuudharau. Lakini naamini wanadai kitu ambacho sicho kilichopotea. Malindi ilipokoma kuwa wilaya haikupoteza afisi peke yake, ilipoteza mstari wake katika majedwali ya takwimu za nchi. Sensa bado hututaja kila baada ya miaka 10, lakini katikati ya sensa na sensa tunatoweka. Utafiti wa afya ya mama na mtoto hautujui, wala hesabu za pato la kaunti hazitujui. Mstari huo unaweza kurudi bila kugusa Katiba na bila kuunda kaunti hata moja, na hilo ndilo ningependa watu wa Malindi walidai kwanza.

Tuanze na nambari zenyewe, maana wengi huziona kama mapambo. Kila nchi huigawa ardhi yake vipande vipande na kila kipande hupewa msimbo, ili mtu wa Nairobi, wa Geneva na wa Lamu wakitaja mahali wawe wanataja mahali pamoja. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ISO 3166, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1974, na humo Kenya ni KE, au KEN, au 404. Sehemu yake ya pili, inayotaja mikoa na majimbo ya ndani ya nchi, ilitoka mwaka 1998. Sisi wenyewe tuna orodha yetu, ile ya Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, inayoanzia Mombasa 001, Kwale 002, Kilifi 003, Tana River 004, Lamu 005, Taita Taveta 006, hadi Nairobi 047. Ukiitazama vizuri utaona mikoa ya zamani bado imo: Pwani ni 1 hadi 6, Kaskazini Mashariki 7 hadi 9, kisha Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Magharibi, Nyanza, na mji mkuu mwishoni. Orodha ya kimataifa ilipobadilishwa mwaka 2014 kutoka mikoa minane kwenda kaunti 47 haikufuata mpangilio huo. Ilizipanga kaunti kwa alfabeti, na kwa hiyo Lamu huko ni KE-21 na Kilifi ni KE-14. KE-05 ni Elgeyo Marakwet. KE-03 ni Bungoma.

Nimeona kwa macho yangu madhara ya hilo. Rafiki yangu mmoja alikuwa akiunganisha majedwali mawili kwa ajili ya kikundi cha wavuvi, moja lililotengenezwa hapa nchini na jingine lililotoka nje, na yote mawili yalikuwa na safu ya nambari za kaunti. Programu ilizilinganisha nambari bila kuuliza jina. Takwimu za Lamu zikaangukia Elgeyo Marakwet, kaunti isiyo na ufuo hata wa hatua moja, na za Elgeyo Marakwet zikapelekwa Lamu. Aligundua siku mbili baadaye kwa sababu anaijua Lamu. Asiyeijua angeandika ripoti, na ripoti ingesomwa mahali ambapo fedha hupangwa. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani msimbo ni lebo tu iliyobandikwa juu ya eneo ambalo tayari lipo. Kwa mtakwimu mambo ni kinyume: kisicho na msimbo wake hakipo, kwani hakuna safu ya kukiandikia.

Na Malindi ilikuwa nao. Katika miaka ya 1990 ilikatwa kutoka Kilifi ikawa wilaya kamili, na sensa ya 1999 ikaihesabu peke yake: watu 281,552, huku Kilifi iliyobaki ikiwa na 544,303. Kisha likaja suala la sheria. Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka 1992 ilitambua wilaya 46 na Nairobi, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema wilaya zote zilizoundwa nje ya sheria hiyo ni batili. Katiba ilipoandikwa mwaka uliofuata, wilaya zile za 1992 ndizo zilizogeuzwa kaunti. Malindi, iliyozaliwa baada ya 1992, ikarudi tumboni mwa Kilifi. Hakuna aliyeamua kwamba Malindi na Bamba zina uchumi mmoja au kwamba shida zake ni moja. Tarehe ya sheria ndiyo iliyoamua.

Sasa tazama kilichomo ndani ya 003, yaani Kilifi. Kuna Mtwapa, ambayo kwa kazi na kwa usafiri ni kitongoji cha Mombasa. Kuna Mariakani kwenye barabara kuu ya malori. Kuna Ganze na Bamba, ambako mvua ikikosa msimu mmoja watu huanza kuuza mifugo. Kuna Malindi yenye hoteli za Waitaliano, uwanja wa ndege na bahari inayofungwa na kusi. Kuna Magarini yenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, na wakulima wa Adu wanaotembea mwendo mrefu kutafuta maji. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti nzima watu 1,453,787, na ukiwajumlisha wote hao kisha ukawagawa sawa unampata mtu wa wastani ambaye hayupo Mtwapa wala hayupo Adu. Hata kasi ya kuongezeka kwetu imefichika. Kaunti ndogo za Malindi na Magarini kwa pamoja, ambazo kwa kadiri mipaka inavyolingana ndizo iliyokuwa wilaya ya Malindi, zilikuwa na watu 524,836 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 86 katika miaka 20, dhidi ya asilimia 71 kwa sehemu iliyobaki ya Kilifi. Nimezipata nambari hizo kwa kujumlisha mwenyewe, kijedwali kimoja baada ya kingine. Mtu anayepanga madarasa au visima hana muda huo, naye atachukua asilimia 76 ya kaunti nzima na kuendelea na kazi yake.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, na wapo walioutafutia dawa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia mgawanyo uitwao NUTS, kifupi cha maneno ya Kifaransa, ulioanza kutumiwa miaka ya 1970 na kupewa nguvu ya sheria mwaka 2003. Una ngazi tatu, na kila ngazi ina kipimo cha watu: ya kwanza kati ya milioni 3 na 7, ya pili kati ya 800,000 na milioni 3, ya tatu kati ya 150,000 na 800,000. Vipimo hivyo hutazamwa kwa wastani wa nchi na si kwa kila eneo moja moja, lakini vinatupa picha. Kwa kipimo hicho Kilifi yote ingekaa ngazi ya pili, na Malindi ingetosha kabisa kusimama ngazi ya tatu. Lamu yenye watu 143,920 ingekaribia mlango huo bila kuufikia. Msimbo wenyewe umejengwa kama jina la mtu na la baba yake: herufi mbili za nchi, kisha tarakimu au herufi moja kwa kila ngazi, hivi kwamba ukiufupisha unapanda ngazi moja juu. Na haubadilishwi kila mwanasiasa anapopata wazo, kwani sheria inataka marekebisho yasifanywe mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu.

La maana zaidi kwetu ni jinsi Poland ilivyofanya. Mkoa wake wa Mazowieckie una mji mkuu Warsaw ndani yake, na utajiri wa Warsaw uliufanya mkoa mzima uonekane tajiri, hata vijiji vya mashariki yake ambavyo havikuwa na utajiri wowote. Jambo hili lilikuwa na bei, maana misaada mikubwa ya Umoja wa Ulaya huenda kwa maeneo ya ngazi ya pili ambayo pato lake kwa kila mtu ni chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja. Tangu mwaka 2018 mkoa huo umegawanywa kitakwimu mara mbili, Warsaw na viunga vyake upande mmoja na sehemu iliyobaki upande mwingine. Serikali ya mkoa ilibaki moja na baraza lake likabaki moja. Kilichobadilika ni jedwali. Hungary ilifanya vivyo hivyo mwaka huo huo ilipoitenga Budapest na eneo la Pest linaloizunguka.

Najua jibu litakalokuja: ukishafungua mlango huo, kila mtu atachora mpaka wa kumfaa. Ni hoja nzito, na Ireland ni ushahidi wake. Nchi hiyo yote ilikuwa eneo moja la takwimu mpaka mwaka 1999, ilipokuwa imetajirika kiasi cha kukaribia kupoteza misaada, ikajigawa mara mbili ili upande wa magharibi ulio maskini uendelee kupokea. Serikali ilitaka kuweka kaunti 15 katika upande huo. Afisi ya takwimu ya Ulaya ikakataa kaunti mbili, Clare na Kerry, na zikabaki 13. Wapo wanaoisoma habari hii kama hila ya kutafuta fedha. Mimi naisoma kama dalili kwamba hila inaweza kuzuiwa, mradi kuna kipimo kilichoandikwa kabla ya ombi kufika na kuna taasisi yenye uwezo wa kusema hapana. Sisi tumeonja upande wa pili wa jambo hilo: wilaya zilizotangazwa jukwaani kama zawadi, bila kipimo, hadi mahakama ikazifuta zote kwa mkupuo na wenye haki wakazama pamoja na wasio na haki.

Ipo pia hoja ya gharama, na wenye kuitoa ni watakwimu wenyewe. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulipangwa kufikia kaya zipatazo 42,300 nchini ili utoe majibu ya kuaminika kwa kila kaunti. Ukitaka majibu ya kuaminika kwa kila kaunti ndogo, itakubidi uhoji kaya nyingi mno kuliko hizo, na fedha hazipo. Vilevile eneo likiwa dogo sana, siri za watu huwa mashakani. Ukichapisha ugonjwa na umri kwa wadi kama Basuba kule Lamu Mashariki, yenye vijiji vichache vya Waboni, jirani atajua ni nani anayesemwa, na Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza hilo kwa haki kabisa. Nakubali yote mawili. Ila hayazuii ninachodai. Mwaka 2003 idara ya takwimu ya serikali ilichapisha makadirio ya umaskini mpaka ngazi ya lokesheni, kwa kuunganisha sensa ya 1999 na utafiti wa ustawi wa kaya wa 1997, na mwaka 2005 ikatoa ya maeneobunge. Haikuhoji kaya za ziada. Ilitumia kile utafiti mdogo ulichofundisha kuhusu kaya, ikakipitisha juu ya sensa iliyomfikia kila mtu. Kama tuliweza wakati ule, leo tuna sensa iliyokusanywa kwa vifaa vya kielektroniki na ramani za setilaiti. Wala siombi takwimu za kijiji. Naomba za eneo lenye watu nusu milioni.

Hoja dhaifu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayopendwa zaidi: kwamba kaunti ikija, kila kitu kitajulikana na kitafika. Anayeamini hivyo apande boti pale Mokowe aende Lamu. Lamu ina kaunti yake, ina msimbo wake 005, ina gavana na bunge lake, na ndiyo yenye watu wachache kuliko kaunti zote 47. Ingekuwa kaunti inatosha, basi hakuna Mlamu ambaye angefichika. Lakini kati ya watu wake 143,920, Lamu Mashariki ina 22,258 tu, yaani katika kila watu 100 ni 15. Wengine wote wako Lamu Magharibi: Amu yenyewe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Wastani wowote wa Lamu ni wastani wa Magharibi uliochovywa kidogo Mashariki. Bandari mpya ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, inahesabiwa katika pato la kaunti hiyo, na pato hilo hugawiwa kwa watu wachache, likapanda kwenye karatasi. Mvuvi wa Kizingitini anahesabiwa kuwa amepanda nalo. Mama wa Kiunga anayesafirishwa kwa mashua ili akajifungue yumo katika asilimia ileile ya uzazi wa hospitalini pamoja na mama anayeishi hatua chache kutoka hospitali. Kaunti ya Lamu imewapa watu wake mengi ambayo wilaya haikuwapa, sipingi, ila haijawapa watu wa Faza na Kiunga macho ya kuwaona. Waswahili tumesema siku zote, asiyekuwapo na lake halipo, na mtu anaweza kukosekana jedwalini hata akiwa na gavana.

Nikiwa mkweli, wenye kudai kaunti wana karata moja yenye nguvu, nayo ni mgao sawa. Mfumo wa kwanza wa Tume ya Ugavi wa Mapato, wa kugawa fedha za taifa kwa kaunti, ulitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa usawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo na 2 kwa uangalifu wa matumizi. Ile 25 iligawiwa kaunti zote kwa kiwango kimoja, ndogo na kubwa, na Lamu imefaidika nayo kweli. Mfumo wa 2020 uliishusha ikawa 20, ila haukuiondoa. Kwa hiyo Kilifi ikiwa mbili, zitapata vibaba viwili. Lakini Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka tume huru ipendekeze kwanza, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti zote katika Seneti waunge mkono. Hao wa kaunti nyingine watakuwa wanapiga kura ya kupunguza sehemu ya kwao. Na hawatakuwa wanaombwa na Malindi peke yake, kwa kuwa kila wilaya iliyofutwa itapanga foleni. Sisemi haiwezekani. Nasema mtoto anayezaliwa leo Langobaya anaweza kumaliza shule ya msingi kabla ya hilo kutimia.

Wakati huohuo fedha zenyewe zimeanza kufuata njia nyingine. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Sera ya kwanza ya kugawa fedha hizo ilitaja kaunti 14, Kilifi na Lamu zikiwamo. Sera ya pili, ya mwaka 2018, iliacha kuzitaja kaunti nzima ikataja maeneo madogo 1,424 yaliyo ndani ya kaunti 34. Tume ya Ugavi wa Mapato iliona tunachokiona sisi: ndani ya kaunti inayoitwa maskini kuna wenye nacho, na ndani ya kaunti inayoitwa tajiri kuna vijiji visivyo na bomba. Maana yake ni kwamba mahali penye takwimu za lokesheni ndogo zinazoaminika pana hoja ya kupeleka Nairobi, na pasipo nazo pana malalamiko matupu. Wanasiasa wetu wangali wanapigania mlango ambao hazina hiyo haiutumii tena.

Basi lidaiwe nini? Kwanza, ngazi rasmi ya takwimu kati ya kaunti na lokesheni, yenye misimbo isiyobadilika. Hivi sasa Kilifi ina maeneobunge saba, lakini sensa ya 2019 ilichapisha kaunti ndogo tisa, kwa kuwa Chonyi na Kauma zimesimama peke yake. Idara moja huhesabu kwa mipaka hii na nyingine kwa ile, na mtu akitaka kulinganisha wanafunzi na watu hawezi. Tukitumia maeneo makubwa kiasi, kwa mfano Malindi na Magarini pamoja, Ganze na majirani zake pamoja, na kwa upande wa Lamu visiwa vya mashariki na Kiunga pamoja, siri za watu zitalindwa na sampuli itatosha. Pili, msimbo ukishatolewa usirithishwe eneo jingine. Tanzania ilipounda Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na baadaye Songwe, orodha ya kimataifa haikuvuruga nambari za mikoa ya zamani ili kulinda alfabeti. Iliwapa wapya 27 hadi 31 na kuendelea. Tatu, serikali ya kaunti yenyewe isisubiri Nairobi. Rejista za zahanati, shule za chekechea na kilimo zinakusanywa na watumishi wake, na hakuna sheria inayoizuia kuzichapisha kwa kila kaunti ndogo kila mwaka. Kama Kilifi ingefanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, nusu ya ugomvi wa kujitenga ingekuwa na majibu, iwe kwa kuuthibitisha au kwa kuuvunja, na mimi ningekubali lolote ambalo takwimu zingesema.

Sensa ijayo ni 2029. Kabla ya karani hata mmoja kugonga mlango, Shirika la Kitaifa la Takwimu hulazimika kuikata nchi nzima katika maeneo madogo ya kuhesabia, likisaidiwa na machifu na wazee wa mitaa wanaojua kijiji gani kinaishia kwenye mbuyu gani. Kazi hiyo hufanyika kimya kimya, miaka kadhaa mapema, na hakuna mkutano wa hadhara unaoitishwa kwa ajili yake. Wakati huo mpaka huchorwa kwa kalamu ya kawaida, bila theluthi mbili ya yeyote. Watu wa Malindi wenye nguvu za kudai kaunti waende na nguvu hizohizo kwenye afisi ya takwimu ya kaunti, wakiwa na orodha ya vijiji vyao mkononi.